Somo la 8: Mji Ulikopelekwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yer. 28:1–11, Yer. 29:1–14, Yn. 1:45, 46, Lk. 2:51, 52, Mdo 16:11–15, Mdo 18:24–28, 2 Fal. 4:8–13.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:7. Lisomeni pamoja kwa sauti, kila mmoja katika Biblia yake, kisha mlikariri. Kiini chake ni hiki: watafutieni amani watu wa mji ambao Mungu amewapeleka, na kuuombea kwake, kwa kuwa amani yenu imo ndani ya amani yake.

Mwaka 1994, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu, nilipangiwa kituo cha kazi Tunduru. Sikuwahi kufika huko. Kutoka Songea nilipanda juu ya lori, nikiwa na godoro, ndoo moja na sanduku la vitabu. Barabara ilikuwa ya vumbi, na wenyeji walinionya kwamba masika yakianza ingegeuka tope.

Bibi jirani wa nyumba niliyopanga alinikaribisha kwa mbegu za papai zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Akasema, “Mwalimu, panda hapo nyuma ya jiko. Mwaka hauishi, utakula.” Nilimshukuru, nikaziweka dirishani. Moyoni nilisema, “Mpapai wa nini? Mwaka ukiisha nitakuwa nimehama.”

Nilikaa pale miaka minne, na sikula papai hata moja la mkono wangu.

Juma hili tunajifunza habari za kijana aliyemaliza chuo na kupelekwa mji mdogo asiouchagua. Huenda ni wewe, huenda ni mwanao, au huenda ni yule mgeni aliyeketi benchi la nyuma Sabato iliyopita. Swali letu ni moja: je, mji huo ni mahali pa kusubiri, au ni mahali pa kuishi na kumtumikia Mungu?

JUMAPILI

Barua kwa Waliohamishwa

Soma Yeremia 29:1–7. Mungu aliwaagiza watu wake kufanya mambo gani mahali ambapo hawakupachagua?

Barua hii iliandikwa Yerusalemu na kupelekwa Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia. Babeli haukuwa mji mdogo, na wale mateka hawakwenda kwa ajira. Lakini shida yao ya moyoni twaifahamu: walikuwa wakiishi mahali ambapo mioyo yao haikuwapo. Angalia jinsi maagizo ya Mungu yalivyo ya kawaida. Wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula mazao yake. Waoe na kuozesha. Wautafutie mji amani. Wauombee. Hakuna agizo hata moja linalosema, “Kaeni na mizigo imefungwa.”

Sasa soma Yeremia 28:1–11. Nabii Hanania alikuwa na ujumbe tofauti. Alisema kwamba katika miaka miwili tu nira ya Babeli ingevunjwa na mateka wangerudi. Ujumbe huo ulipendeza masikioni, ila haukutoka kwa Mungu. Yeremia aliwaambia muda wa kweli, yaani miaka sabini (Yer. 29:10).

Kila kijana aliyepangiwa kazi mbali ana Hanania wake. Wakati mwingine ni rafiki mjini anayesema, “Vumilia kidogo tu, uhamisho wako nashughulikia.” Wakati mwingine ni moyo wake mwenyewe. Kuomba uhamisho si dhambi. Mtu anaweza kuwa na mzazi mgonjwa, au ndoa inayomhitaji. Hatari ni kuishi kwa ahadi hiyo. Hununui meza kwa sababu utahama. Hujiungi na kwaya kwa sababu utahama. Hujifunzi majina ya majirani kwa sababu utahama. Mwisho miaka inapita, na wewe hujaishi popote.

Wengi wetu tunalipenda fungu la 11 katika sura hii, linaloeleza mawazo ya amani ambayo Mungu anatuwazia. Huandikwa kwenye kadi za mahafali. Tukumbuke waliopewa ahadi hiyo kwanza. Ni watu waliokuwa wameambiwa kwamba hawarudi upesi. Tumaini la Mungu halikuwaondolea kazi ya kupanda bustani. Ndilo lililowapa nguvu ya kuipanda.

Ni jambo gani umeliahirisha kwa sababu unadhani hutakaa hapo ulipo? Mungu anakuambia nini juu yake leo?

JUMATATU

Je, Laweza Neno Jema Kutoka Nazareti?

Soma Yohana 1:45, 46 na Luka 2:51, 52. Nathanaeli aliufikiriaje mji wa Nazareti? Nawe unajifunza nini kutokana na muda ambao Yesu aliishi humo?

Nazareti haitajwi hata mara moja katika Agano la Kale. Kilikuwa kijiji kidogo cha Galilaya, na Nathanaeli hakuamini kwamba chema chochote kingeweza kutokea huko. Umbali wa kilomita sita hivi ulikuwapo mji wa Seforisi, mkubwa na wenye sifa. Lakini Baba wa mbinguni alipomchagulia Mwanawe mahali pa kukulia, alichagua Nazareti.

Luka anasema Yesu alianza huduma yake akiwa na umri wa miaka kama thelathini (Lk. 3:23). Huduma ya hadhara ilichukua miaka mitatu na nusu. Sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani aliitumia katika mji mdogo, akishika randa na msumeno, akiwatii wazazi, akiingia sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake (Lk. 4:16). Miaka hiyo haikuwa ya kupoteza. Luka anasema ndiyo aliyokua katika hekima na kimo, akiwapendeza Mungu na wanadamu.

Kijana wa leo anabeba mzigo ambao sisi wa zamani hatukuubeba. Akifungua simu usiku, anawaona aliosoma nao. Huyu amepata kazi Dar es Salaam, yule Dodoma, mwingine amepiga picha uwanja wa ndege. Yeye yuko chumba cha kupanga, umeme umekatika, makato ya mkopo wa elimu ya juu yameanza, na nyumbani wanauliza lini atatuma ada ya mdogo wake. Anaanza kujiuliza kama Mungu amemsahau.

Tusimjibu kijana huyu kwa haraka, kwa maana upweke ni mzigo wa kweli, na Biblia haifichi kwamba mji mdogo unaweza pia kumdharau mtu. Watu wa Nazareti walimkataa Yesu kwa sababu walimjua mno (Mt. 13:54–58). Lakini tumwambie hivi: ukubwa wa mji si kipimo cha Mungu. Darasa la watoto sitini wasio na mwalimu wa hisabati si mahali padogo mbele zake. Zahanati yenye muuguzi mmoja si mahali padogo kwa mama anayejifungua saa nane usiku.

Kama Yesu aliishi Nazareti karibu miaka thelathini bila kuona aibu, hilo linabadilishaje jinsi unavyoutazama mji wako, au mji wa mwanao?

JUMANNE

Sabato Kando ya Mto

Soma Matendo 16:11–15. Paulo na wenzake walifanya nini Sabato ilipofika katika mji wasiokuwa na mwenyeji?

Chuoni ni rahisi kuitunza Sabato. Kuna chama cha wanafunzi Waadventista, kuna kwaya, kuna rafiki anayekugongea mlango Ijumaa jioni jua likielekea kuzama. Unapohamia mji mdogo, hakuna anayekugongea. Hapo ndipo mtu anagundua kama Sabato ilikuwa yake au ilikuwa ya kundi.

Nitakiri yangu. Sabato ya kwanza Tunduru nilisoma lesoni peke yangu chumbani, nikaimba na kuomba. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilisoma nimelala kitandani. Ya nne nililala mpaka saa sita mchana. Ya tano nilikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi, nikasema nitasahihisha machache tu. Nilisahihisha yote. Hakuna aliyenilazimisha. Mkuu wa shule hakuniagiza, wala hakuna aliyenicheka. Niliteleza taratibu kwa kuwa hakukuwa na jicho la kuniona, ila la Mungu.

Paulo alifika Filipi, mji ambao inaelekea haukuwa na sinagogi. Sabato ilipofika hakubaki ndani. Alitoka nje ya lango, akatafuta mahali watu walipozoea kusali, akawakuta wanawake kando ya mto. Mmoja wao alikuwa Lidia, mfanya biashara wa nguo za rangi ya zambarau. Naye hakuwa mzaliwa wa Filipi, alitoka Thiatira. Wageni wawili walikutana kando ya mto, na kanisa likaanza. Baadaye kanisa hilo ndilo lililomtumia Paulo msaada katika mahitaji yake (Flp. 4:15, 16).

Nami Mungu alinihurumia. Karibu na kituo cha malori palikuwa na mama aliyeuza vitumbua kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi. Siku moja nilimuuliza sababu. Akanitazama, akasema, “Siku hiyo ni ya Bwana, mwalimu. Sisi tunasalia kwa mzee, chini ya mkorosho.” Walikuwa watu saba pamoja na watoto. Nilikuwa nimepita mbele ya ndugu yangu katika imani kwa wiki kadhaa nikinunua kifungua kinywa, wala sikumfahamu, kwa sababu sikuwa nimetafuta.

Kwa hiyo, kijana, fanya mambo haya mapema. Kabla hujasafiri, mwulize mchungaji wako au ofisi ya konferensi kama kuna kanisa au kundi huko. Wiki ya kwanza kazini, mweleze mkuu wako kwa adabu juu ya Sabato, nawe jitolee kushika zamu ya Jumapili au siku nyingine ambazo wenzako hawazipendi. Usingoje hadi ratiba ya mitihani itoke. Ukiwa muuguzi, kumbuka kwamba kumtunza mgonjwa ni tendo jema siku ya Sabato (Mt. 12:12), lakini usiifanye kila kazi kuwa ya dharura. Na usikae na ushirika wako mbali. Karani wa kanisa unakohamia ndiye anayeomba barua yako kwa karani wa kanisa ulikotoka. Mwendee, umpe majina yako.

Ni nani aliyekusaidia kuitunza Sabato ulipokuwa mahali pageni? Kama hakuwapo, nini kilikupata?

JUMATANO

Msomi Aketipo Kufundishwa

Soma Matendo 18:24–28. Apolo alikuwa na sifa gani? Ni akina nani waliomfundisha, na wao walikuwa watu wa kazi gani (Mdo 18:2, 3)?

Apolo alitoka Iskanderia, mji uliokuwa na sifa kubwa ya elimu. Alikuwa mnenaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko. Angalia waliomchukua na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi: Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema. Hawakumwaibisha mbele ya mkutano. Walimchukua kwao. Naye Apolo, pamoja na ufasaha wake wote, alikubali kufundishwa. Kwa sababu hiyo akawa msaada mkubwa alipofika Akaya.

Mzee aliyetuongoza chini ya mkorosho alikuwa mkulima aliyeishia darasa la nne. Alisoma Biblia akifuata mstari kwa kidole. Sabato yangu ya kwanza pale nilimsahihisha mara mbili katikati ya lesoni, mbele ya watu wote, juu ya jina la mfalme na juu ya mwaka. Hakukasirika. Baada ya ibada alinisindikiza, akasema, “Mwalimu, tunashukuru. Sisi majina yanatushinda. Lakini keshokutwa twende wote kwa mgonjwa, nawe uone kazi.” Nikaenda. Mgonjwa yule hakuwa Mwadventista. Alikuwa jirani Mwislamu mwenye kidonda mguuni. Mzee aliosha kile kidonda kwa mikono yake, akamchotea maji, akakaa naye mpaka jioni. Nilikuwa nimesoma habari za huduma, na siku ile niliiona.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu akipewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumbani. Kijana msomi anapofika kanisa dogo, asitafute mimbari kwanza, atafute jembe. Awasikilize wazee. Ajifunze salamu za wenyeji na lugha yao. Aulize kabla ya kubadili. Baada ya hapo elimu yake itakuwa baraka kubwa: ataweza kufundisha watoto kusoma, kusaidia kuandika hesabu za kanisa, kumweleza mjane barua iliyotoka ofisini.

Miezi saba baada ya kufika niliugua malaria kali. Aliyenikuta sakafuni ni yule bibi jirani aliyenipa mbegu za papai. Alimwita mwanawe, wakanifikisha hospitali kwa baiskeli, akaniletea uji siku nne mfululizo. Nesi aliponiuliza jina la aliyenileta, sikulijua. Miezi saba nilikuwa nimemwamkia “Shikamoo, bibi,” na kupita. Mungu alikuwa ameniagiza niutafutie mji amani, na mji ndio ulionitafutia mimi.

Ni wakati gani ulijifunza jambo kubwa la imani kwa mtu ambaye elimu yake ilikuwa ndogo kuliko yako?

ALHAMISI

Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Soma 2 Wafalme 4:8–13. Mwanamke wa Shunemu aliona nini, na alifanya nini juu ya alichokiona?

Mpaka sasa tumesema na anayehamia. Leo tuseme na sisi tunaompokea. Mwanamke huyu alimwona Elisha akipita mara kwa mara. Kwanza alimkaribisha chakula. Kisha akamshauri mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu ya nyumba, wakakiwekea kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Hakumwuliza atakaa muda gani. Elisha alipotaka kumlipa, alijibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake, yaani hana upungufu. Ni kweli: mwenye watu wake hapungukiwi, na ndiye anayepaswa kumwona asiye na mtu.

Kijana anayeripoti kazini kwa mara ya kwanza mara nyingi hana kitu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taratibu za kumwingiza kwenye orodha zikiendelea. Anaona haya kusema, kwa sababu watu wanamwita “mwalimu” au “daktari.” Wako waliolala njaa huku wakiitikia “nzuri” kila walipoulizwa habari za leo.

Kanisa lifanye nini? Shemasi au mama wa Dorkasi amtembelee katika juma la kwanza, aone anapolala na anachopika. Familia moja imwalike chakula cha Sabato, na nyingine Sabato inayofuata, ili asile peke yake mwezi mzima. Karani ashughulikie barua yake mapema. Mwenye chumba cha ziada afikirie kitanda, meza, kiti na taa.

Yako pia mambo ya kuepuka. Kijana asifike Sabato ya kwanza, na ya pili akawa tayari katibu, mwalimu wa kwaya na mhasibu wa ujenzi. Asiulizwe kila wiki ataoa au kuolewa lini. Wala kusitokee mtu wa kuutumia upweke wake vibaya, hasa kwa binti anayeishi peke yake. Wazee wa kanisa walinde jambo hili kwa macho mawili.

Taja kwa moyo wako kijana mmoja mgeni katika mji wenu, hata kama si wa imani yetu. Unaweza kumfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Kazi ya kanisa letu katika Afrika Mashariki ilianzia mahali padogo. Mwaka 1903 wamishonari waliotoka Ujerumani walianza kazi Giti, katika milima ya Upare. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, kijana Mkanada, na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Wote wawili walikuwa wametoka masomoni Uingereza. Carscallen alikaa huko zaidi ya miaka kumi, akajifunza Kidholuo hata akaandika kitabu cha sarufi yake. Mtu anayehesabu siku za kuondoka haandiki sarufi ya lugha ya wenyeji. Hata leo nyumba ya uchapaji ya kanisa ipo Gendia.

Mwaka wangu wa pili Tunduru nilinunua meza. Mwaka wa tatu nilianza kuwafundisha kusoma watoto wa chini ya mkorosho, pamoja na wajukuu wa yule bibi. Barua ya uhamisho ilipokuja mwaka wa nne, nililia. Kabla ya kuondoka nilimwomba bibi mbegu nyingine, nikazipanda nyuma ya jiko, nikijua sitazila. Miaka mingi baadaye nilipita pale kwa kazi ya kanisa. Mwalimu mwingine, kijana, ndiye aliyekuwa akiishi katika nyumba ile. Alinikaribisha, akaniletea papai kwenye sahani. Hakujua aliyeupanda mpapai wa kwanza, nami sikumwambia. Nilimwuliza tu kama anamfahamu jirani yake kwa jina. Akasema anamfahamu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu atajuaje tofauti kati ya kuomba uhamisho kwa sababu halali na kuukimbia mji ambao Mungu amempeleka? Darasa litoe mifano bila kutaja majina.

2. Yeremia aliwaambia mateka wauombee Babeli, mji ambao haukumwabudu Mungu wao. Hili linatufundisha nini juu ya kuishi na majirani wa imani nyingine? Ni mema gani mmetendewa na majirani hao?

3. Kwa nini vijana wengi walio imara chuoni hulegea wanapoanza kazi? Ni sehemu gani ya lawama iko kwao, na ipi iko kwa makanisa yanayowaaga na yanayowapokea?

4. Kanisa lenu lina mpango gani wa kufuatilia vijana wake waliohamia mbali? Chagueni mtu mmoja atakayepiga simu Jumapili hii kwa kijana mmoja, amwulize amekula nini na amesali wapi.

5. Baadhi yenu mmehamia mji huu miaka mingi iliyopita, mkidhani mtakaa kidogo tu. Liambieni darasa: mmepanda nini hapa?